Siku Nilibeba Mufuko Muzima

Rafiki yangu, weye nakuamini, njo nakuambia hii maneno sawa vile tungekuwa tunakaa mu jikoni yangu, hapa mu mutaa wa Cimpunda.

Wakati wa Zaïre nilikuwa nasoma masomo ya mangaribi ku parokia. Professeur wa économie alitufundisha asema maskini ni mutu anatumika kidogo, hafanye kazi ya kutosha, na kila mutu iko responsable, njo mwenye kujibia maisha yake. Akaniuliza kazi yangu. Nikamuambia naenda kununua mihogo ku Miti, nauzisha ku soko ya Kadutu, na sisi bamama tunagawanya mizigo, kila mutu kafurushi kadogo.

« Mama, unapoteza nguvu bure. Beba mufuko muzima. »

Nikamusikiliza. Ku Miti nikajaza mifuko mbili, moja yangu, moja ya binti yangu mwenye nilienda naye. Bamama benzangu bakacheka. « Acheni patron mwenye mali apite. Chauffeur yake iko wapi? »

Ku bariere yenye kufunga barabara, basoda ba serikali balizoea kuchukua mihogo kidogo mu kila furushi na kutuacha. Ile siku soda moja akagonga mufuko yangu na fimbo.

« Citoyenne, weye ni commerçante, mufanya biashara mukubwa. Papiers za biashara iko wapi? »

Sikukuwa nayo.

« Enda kuitafuta. Mutoto anabakia hapa. » Akamushika binti yangu mukono.

Nilijua babinti benye balibakia mu kibanda cha basoda kando ya barabara. Hata Salamu Maria ilinipotea mu kinywa. Nikasema: « Papa, chukua mifuko yote. »

« Mifuko iko yangu tayari. »

Njo nikakaa chini katikati ya barabara, nikashikilia kitenge cha binti yangu. Muzee mumoja, mama wa Kabare, akatua furushi yake, akakaa. Na bamama bengine bote bakakaa, bakaanza rozari kwa sauti. Camion moja ikasimama, ingine nyuma yake, honi zinalia.

« Simameni! »

« Mwana wangu, tumechoka, » ule muzee akajibu. « Banatuambia tutumike sana. »

Chef yao, mukubwa wa basoda, akatoka mu kibanda. « Muache mutoto, barabara ifunguke. »

Tukaenda mupaka Kadutu bila mifuko, binti yangu ananishika kitenge.

Nilipomuelezea Professeur hii maneno, akaniambia asema soda haiko mu hesabu yake. Nikamuambia amuingize. Kutumika sikatai, na maisha yangu niko responsable yake mbele ya Mungu. Lakini kafurushi kadogo haikukuwa uvivu. Ilikuwa inachunga batoto yetu.

Hata leo, binti akichelewa, natoka ku mulango kumungojea. Nakuomba, uambie bamama bale banatoka Miti na babinti yao babebe kafurushi kadogo, nabo baambie bengine.