Muhibu ni Nani?

Mwaka wa pili baada ya Mapinduzi nilikuwa nasomesha skuli, nakaa na mama Mkunazini. Mchumba wangu alikuwa Mombasa, anajifunza ufundi wa saa. Barua zake zilinifikia zimeshafunguliwa na kubandikwa tena, gundi bado mbichi. Tulishazoea.

Siku moja nikaitwa ofisi ya mtaa. Mama alinishika mkono mlangoni. "Jibu unaloulizwa. Usizidishe."

Kijana aliyekaa mezani alikuwa na barua yangu mpya. Neno moja limepigiwa mstari mwekundu.

"Huyu Muhibu ni nani?"

"Si mtu. Yaani, ni mimi."

"Jina lako si hili."

"Ni neno la mahaba. Huba, mahaba, muhibu, yote asili yake moja, Kiarabu. Ni kama kusema mpenzi."

"Mbona huko nyuma kaandika mpenzi siku zote? Kwa nini kabadilisha?"

Kumbe alizisoma zote, tena kwa makini kunishinda mimi.

Akamwita karani wake, mzee aliyewahi kusomesha Kurani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani.

"Kweli, neno la mapenzi," alisema. "Lakini kwa Kiarabu, muhibu ni yule apendaye. Apendwaye ni mahbubu. Huyu bwana kasema wewe unampenda. Kama yeye anakupenda, hapa hakusema."

Kijana alicheka, akanirudishia barua. Mimi sikucheka.

"Wamekuuliza nini?" mama alinidaka nilipofika.

"Maana ya neno."

Hakuniamini. Nilijifungia chumbani nikazitoa barua zote, nikatafuta mahali alipoandika "nakupenda". Kulikuwa na nakukumbuka, na nakuombea, na salamu kwa mama. Nakupenda sikuiona.

Nikamwandikia: neno hili kakufunza nani?

Jibu lilichukua mwezi. "Nimelisikia kwa mwenye nyumba ninapopanga. Kiarabu nnakijulia wapi? Nakupenda, na hao wanaofungua barua walisome hili pia."

Nililisoma mara nyingi, lakini jicho likawa linarudi kwa mwenye nyumba. Mwanamume au mwanamke? Hakusema.

Alirudi mwaka uliofuata, tukaoana. Siku ya tatu ya fungate nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza.

"Bibi kizee," alisema, huku akitia ufunguo saa ya ukutani. "Meno hana."

Nikamwambia alhamdulillahi. Mombasa nimekwenda mara mbili baadaye, na mara zote mbili yule bibi alikuwa amesafiri.