Toa Hiyo M

Napenda sinema za kupigana, na sioni haya kusema. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mshirika wa kanisa, nina wajukuu wawili, lakini mtu akivunjwa mkono kwenye kioo huwa naacha mwiko ndani ya sufuria nitazame. Kibanda changu cha chakula kiko mjini Nyeri, nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na duka la kuwekea watu sinema na nyimbo kwenye flashi. Mwenye duka ametundika televisheni mlangoni, na sinema anazoweka ni zile zilizotiwa maneno na wasimulizi wetu wa hapa nyumbani. Jamaa anaruka kutoka paa hadi paa, na msimulizi anasema, "Huyu leo amekunywa uji ya wimbi, hashikiki!" Nacheka mpaka mbavu zinauma. Mkuu wa sinema tunamwita staringi, na kila mtu anajua staringi hafi. Anapigwa na watu ishirini, anafuta damu kwa kiganja, anainuka.

Kwa miaka mingi niliamini hivyo ndivyo watu wanavyopigwa.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa magharibi mwa nchi aliyekuja huku kwa kazi ya ujenzi akabaki. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti nene, na mkoba wake wa spana hakuuweka chini hata akila. Chakula chetu kilimchosha. Ningemwekea mukimo, naye angeutazama kwa huzuni kabisa.

"Mama, sasa hii viazi ilikukosea nini? Na mahindi? Lazima kila kitu mponde?"

"Kula, Fundi. Hapa si kwenu."

"Bila ugali mimi sijakula. Nimeonja tu."

Basi nikaanza kumsongea ugali wake peke yake, kando, mgumu wa kusimamisha mwiko. Sikumwambia mtu kwamba nampenda yule fundi kama ndugu yangu wa tumbo moja, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na siku moja akaja na simu mkononi, uso umemwiva kwa haya. Alikuwa amerekodi wimbo wake wa kwanza katika studio ya chumba kimoja juu ya duka la viatu. Ulikuwa wimbo wa kumshukuru mama yake, kwa Kiswahili, na gitaa moja tu. Nilisikiliza nikikata vitunguu. Nikalia, nikavisingizia vitunguu.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu ulimi wangu, maana ndio uliofanya yaliyofuata.

Sisi watu wa milimani hatuwezi kuiacha B itembee peke yake. Tunaipa M ya kuisindikiza. D tunaipa N, G vilevile. Baba anakuwa mbamba, dada anakuwa ndanda, gari linakuwa ngari. Wenzetu wakitusikia hucheka, na sisi wenyewe hucheka pia. Lakini shuleni, huko Kangema nilikozaliwa, hakukuwa na kicheko. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mgeni aliyetoka mbali, na alitembea na kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Alituandikia ubaoni: Baba ameiba maembe ya babu. Nikasimama nikasoma: "Mbamba ameimba maembe ya mbambu." Ule mpira ulinipata sikioni. "Toa hiyo M!" Nikasoma tena, nikachapwa tena. Siku ya tatu sikio lilitoa damu ikachirizika hadi kwenye kola. Siku ya nne nilitoa kila M niliyoikuta, hata iliyokuwa na haki yake. Maembe yakawa maebe, mbuzi akawa buzi. Nikachapwa kwa hayo pia, lakini kidogo, maana alikuwa ameanza kucheka.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Nikiwa na watu wangu, nasema ninavyosema. Lakini wakikaa wageni mezani pangu, polisi au walimu au watu wa ofisini, Kiswahili changu kinavaa suti. Nikiwa na shaka, natoa M.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, soko limefurika na matope yamefika kwenye vifundo. Vijana wa bodaboda waliokuwa na stendi mbele ya kibanda changu walikuwa wamemzika mwenzao siku mbili kabla. Alikodishwa kwenda Endarasha, akapatikana mtaroni kichwa kimepondwa kwa nyundo, pikipiki hakuna. Tangu Alhamisi walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao bila kutaniana. Hawakuita hata abiria. Niliwapa chai, wakainywa wakiangalia chini.

Saa saba mchana mwenye duka akauweka wimbo wa Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza usikike barabarani. Akatoka kwenda msalani, akaacha spika ya kuchaji ikiimba mlangoni. Fundi ndiyo kwanza anafika kula. Aliusikia toka mbali, nikamwona anakimbia kwenye matope na mkoba wake wa spana, anacheka peke yake. Akaingia dukani, akaibeba ile spika begani ili soko zima lisikie, akatoka nayo akicheza.

Mezani pangu walikuwa wameketi walimu wawili wageni. Nilijawa na fahari nikashindwa kuizuia. Nilitaka wajue kwamba sauti hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mteja wangu. Nikanyoosha mwiko, nikapaza sauti kwa Kiswahili changu cha suti:

"Huyu! Mnamwona huyu? Huyu ndiye ameiba!"

Nililisikia neno likitoka. Nililisikia vizuri kabisa.

Kijana wa bodaboda wa kwanza kumfikia alimpiga kwa helmeti mgongoni. Fundi aligeuka akiwa bado anatabasamu, akidhani ni utani, na wa pili akamtia ngumi ya mdomo. Spika ikaanguka. Mkoba ukaanguka, ukafunguka, spana zikamwagika kwenye tope pamoja na nyundo, na waliomzika mwenzao aliyeuawa kwa nyundo wakaiona. Sikuwahi kusikia watu wazima wakitoa sauti ile. Wakamwangukia.

Katika sinema kila ngumi ina mlio wake. Pale hakukuwa na mlio, ila kitu kama mtu anayepiga gunia la maharagwe kwa fimbo, pole pole, kwa uvumilivu. Mtu hapigwi akainuka. Mtu anapigwa anajikunja, anaweka mikono kichwani, na mikono inakanyagwa. Kina mama waliokuwa wakiuza nyanya waliacha nyanya zao wakaja na mawe. Mzee mmoja wa kanisa langu alimpiga teke la mbavu, akarudi nyuma, akajipangusa kiatu, akaenda tena. Na spika haikuzima. Ililala kwenye tope ikiimba, sauti nzima, isiyo na maumivu, inamshukuru mama kwa kumlea.

"Ameimba!" nikapiga kelele. "Nimesema ameimba! Ameimba!"

Mmoja akanigeukia, macho mekundu. "Tumesikia, mami! Leo hatoki hapa!"

Ndipo nilipojua kwamba nimekwisha. Kwa masikio yao, ambayo ndiyo masikio yangu, ameimba ni ameiba iliyosemwa kinyumbani. Nikiitoa M ni mwizi, nikiirudisha ni mwizi. Nikakimbilia lugha ya mama yangu, nikalia, "Nĩ mũini! Mũini! Tiganai nake!" Ni mwimbaji, mwacheni. Lakini hata huko Mungu hakuniachia nafasi, maana mwimbaji ni mũini na mwizi ni mũici, na katika ghasia ile nani angesikia herufi moja? Walisikia walichotaka. Wakaongeza.

"Leta tairi!"

"Toa petroli kwa hiyo ya kwako, haraka!"

Mmoja alikuwa tayari amepiga magoti akichomoa mpira wa tangi la pikipiki yake. Mwingine, kijana wa kwetu Kangema ambaye nimemlisha miaka minne, alikuwa ameinua jiwe la kujengea kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Fundi. Namjua mama yake. Niliwahi kumbeba yeye mwenyewe akiwa mtoto.

Sikufikiri. Nilishika sufuria ya supu ya matumbo iliyokuwa inatokota jikoni, nikaishika bila kitambaa, na viganja vyangu vikaachia ngozi kwenye chuma. Nikaenda nayo hatua kumi. Nikammwagia yote mapajani.

Alivyopiga yowe, kila mtu alisimama. Jiwe lilianguka kando. Mafuta ya matumbo hayateremki kama maji, yanang'ang'ania, naye alikuwa anararua suruali yake mbele ya soko zima akimwita mama yake. Nikachukua kisu cha kabeji, nikasimama juu ya Fundi nimempitisha katikati ya miguu yangu, nikawaambia atakayesogea nitamkata, na nilimaanisha. Nilitaka mmoja asogee. Nitasema kweli, niliomba mmoja asogee.

Hapo mwenye duka akarudi akikimbia, mkanda haujafungwa. "Nyinyi ni wazimu? Hiyo ni sauti yake! Hiyo wimbo ni yake! Huyu ndiye mwenye kuimba!"

Wimbo ulikuwa umerudi mwanzo. Safari hii waliusikiliza. Kwa muda wa kukohoa mara mbili hakuna aliyekuwa pale tena. Waliyeyuka kila mtu kwa njia yake, na kina mama wakarudi kupanga nyanya mafungu mafungu. Yule mzee wa kanisa alikuwa ananunua dania.

Polisi walikuja wakaandika. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, nani alianza kupiga kelele ya mwizi?"

"Sijui," nikasema. "Ni watu tu."

Nilisema hivyo bila kupepesa. Mikono yangu ilikuwa imefungwa bendeji, na kila mtu mjini alikuwa akinitaja kama yule mama aliyeokoa mtu. Kanisani niliitwa mbele. Mchungaji aliinua viganja vyangu vilivyoungua kuonyesha waumini, na mzee wa mateke akapiga makofi pamoja na wengine. Nilitamani kumtemea mate, kisha nikajikumbuka mimi ni nani.

Yule kijana wa Kangema alirudi baada ya wiki tatu, anachechemea, akaagiza chapati na chai kana kwamba alikuwa safarini. "Sasa mami, si ungetuambia mapema?" akanilaumu. Nilimpa chapati. Kama ningekuwa na sumu ya panya karibu, sijui.

Fundi alivunjika taya mahali pawili, mbavu tatu, na vidole vya mkono wa kulia. Hospitalini walimfunga meno kwa waya, akanywa uji kwa mrija. Nilimpelekea uji huo kila siku, na kila siku nilipanda ngazi nikiwa na maneno tayari, nikashuka nayo. Hakuweza kusema. Alinitazama tu.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mke wake, aliyekuwa amesafiri kutoka magharibi kuja kumuuguza, akaniita nyumbani kwa Fundi hapa mjini. Alikuwa amekuja na kuku jike mkubwa, aliyemfuga mwenyewe, na alimchinja kwa ajili yangu. Akasonga ugali. Akanawisha mikono yangu polepole, akipita pembeni ya makovu, machozi yakimtoka bila aibu.

"Mama, mimi sina kitu naweza kukupatia," alisema. "Wewe ndio ulinipatia bwanangu. Nikipata huyo mtu alisema bwanangu ni mwizi, huyo nitamtoa macho na hizi vidole."

Kisha akaweka mbele ya mumewe kisahani kidogo. Kwao firigisi ya kuku haiguswi na mtu yeyote ila mwenye nyumba. Mwanamke hali, mtoto hali, na mgeni akipewa, basi ameheshimiwa kupita ndugu. Meno ya Fundi yalikuwa bado yamefungwa waya, asingeweza kuitafuna. Akakisukuma kile kisahani hadi mbele yangu. Mkewe akapiga kigelegele kifupi, akainuka kwenda kuchukua maji ya kunywa.

Nikasema, "Fundi, siwezi. Fundi, siku ile—"

Alinyoosha mkono wake mzima, akavuta kitabu cha mazoezi alichokuwa anatumia kuzungumza na watu. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto, akakigeuza upande wangu.

NILIKUSIKIA. NILIJUA SIKU HIYO HIYO. USIMWAMBIE. KULA.

Akaichana karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya paja. Mkewe akarudi na maji, akaketi, akaniangalia kwa upendo ambao sijawahi kuangaliwa nao na mtu. Ningependa zaidi Fundi angenipiga. Ningependa aninyooshee kidole, nao wanipige wote wawili, na mawe kama yapo.

Firigisi ni nyama ngumu. Niliitafuna muda mrefu, na wao walikuwa wananitazama mpaka nikameza.