Siku Niliyomuwasha Babu

Jamani, chekeni tu, ila mkimaliza mnihurumie, maana mpaka leo nikifika Nkololo nazunguka nyuma ya gulio nisikutane na wacheza ngoma.

Miaka mingi baada ya ushirika kuyumba na wanunuzi binafsi wa pamba kujaa kila kona, mimi nilikuwa na kachumba kangu Bariadi mjini, kompyuta moja na printa, nachapa mitihani na kadi za harusi, basi watu wakaniita Injinia nami nikaitika (kozi yenyewe niliyosoma ilikuwa ya kuchapa tu, na hata hiyo sikuimaliza vizuri). Nikamchumbia Kabula wa Nkololo. Baba yake alikuwa karani wa ushirika, na kazi zikipungua alikuwa anachapa kwenye kompyuta ya ofisi nyimbo za marehemu baba yake, manju wa ngoma aliyevuma, nyimbo ambazo hazikuwa zimeandikwa pengine popote. Ofisi ilipofungwa akapewa ile kompyuta kama kifuta jasho, akaiweka ghalani juu ya magunia ya pamba, ikalala humo miaka na miaka na panya wake.

Siku niliyokwenda kujitambulisha, mzee akaniuliza mbele ya watu, "Ng'wanawane, mwanangu, si wewe injinia? Nitolee nyimbo za baba, ziimbwe kwenye harusi yenu."

Sasa nina rafiki yangu fundi Mwanza, na alishanionya: chombo kikilala miaka hivyo usikiwashe, chomoa ile hadi diski, kasha lenye kumbukumbu zote, uniletee kama ilivyo. Lakini wajomba wananitazama, wacheza ngoma wamekuja na njuga zao kabisa, niseme nampelekea mtu mwingine? Nikajibu, "Mzee, tuiwashe kidogo tu tuone." Kidogo tu! Mdomo wangu huu!

Likaletwa jenereta la mashine ya kusaga, nikachomeka, nikabonyeza. Hadi diski ikalia kwiiiii, kali ya kutoboa masikio, na bibi mmoja akapiga vigelegele, "Manju anaanza!" Halafu ikawa ta-ta-ta-ta, na mtu mwenye akili angezima, lakini mimi nikaipiga kofi kama tunavyopiga redio. Kompyuta ikalipuka PAAA! moshi mweusi, ng'ombe wakavunja zizi, na injinia wenu nikatoka mbio nikaingia mlango wa kwanza niliouona, nikamkumbatia mtu wa kwanza niliyemgusa.

Ulikuwa mlango wa jikoni. Na mtu mwenyewe alikuwa mama mkwe (ambaye kwetu hata mkono humpi, mkikutana njiani unampisha porini).

"Yesu wangu! Mkwe, niachie!" alipiga kelele. Sikumwachia. Nilikuwa naogopa mlipuko wa pili, nifanyeje?

Waliponibandua nikamkuta mzee ameichomoa ile hadi diski, ameiweka sikioni. "Baba amenyamaza," akasema. Hapo ndipo woga uliponiishia, roho ikaniuma kweli. Fundi wa Mwanza alipoifungua alikuta kichwa cha kusomea kilikuwa kimeganda kwenye sahani, na nilipowasha kikaichuna yote kama jembe la kukokotwa na ng'ombe. "Ungeleta bila kuwasha tungejaribu," akaniambia. Hakuna wimbo hata mmoja uliopona.

Kabula nilipewa, sijui kwa huruma au kwa kuwa ng'ombe wangu wa mahari walishachanganyika na wa kwao. Siku ya harusi wacheza ngoma wakaingia uwanjani, wamekosa wimbo wa manju, basi wametunga wa kwao:

"Injinia kamuwasha babu,
babu kapiga kelele,
injinia kakimbilia jikoni,
mama mkwe, mbebe mwanao!"

Uwanja mzima ukaitikia, mke wangu akiwa wa kwanza, na mama mkwe kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee ndiye hakucheka. Aliusikiliza mpaka mwisho, akanisogelea na karatasi.

"Huu nao uuandike," akasema. "Kwa kalamu."

Nikauandika pale pale, beti zote, nimevaa suti yangu ya harusi.