Jembe la Wa Mwisho

Kidato cha pili nilipata kumi na moja ya hesabu. Kumi na moja kwa mia. Naiandika bila kujificha, maana mwalimu wa taaluma alishaisoma mstarini mbele ya shule nzima, siri iko wapi tena?

Ulikuwa mtihani wa ujirani mwema. Shule tatu za kata zinazopakana, huku upande wa Sapiwi, zilikuwa zinajipima pamoja kabla ya mtihani wa taifa, na walimu walikuwa wamewekeana sharti: itakayoshika mkia inakaa na jembe. Jembe lenyewe lilikuwa limelika, mpini unacheza, na kwenye bati lake wameandika kwa rangi nyeupe WA MWISHO. Likaja kwetu kutoka shule jirani iliyokuwa nalo mwanzo. Likafungwa kwa waya juu ya mlango wa ofisi ya walimu, kwa hiyo ukitumwa chaki unapita chini yake.

"Hili ndilo linalowasubiri," mwalimu wa taaluma alituambia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anabaki kutufundisha mpaka jioni, wenzake wameshapanda bodaboda zamani. Nadhani lilimuuma kuliko sisi.

Shule hiyo jirani, iliyokuwa ya pili, ilikuwa imetupita kidogo sana. Ningepata thelathini tu, jembe lingebaki kwao. Hata hiyo hesabu nilipigiwa na monita wetu, msichana mrefu asiyejua kubembeleza mtu.

"Kwa hiyo jembe ni lako," alisema. "Sisi tunakutunzia tu."

Kikaja kikao cha wazazi. Bibi anayenilea alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele kabisa. Mwalimu akaonyesha jembe, akaeleza aibu yake. Bibi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo igembe lina kosa gani?"

"Ni la aibu, mama. Ni la shule iliyoshindwa."

"Ahaa. Nikadhani limekosa mwenyewe. Maana linaning'inia tu, na mpini umelegea."

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Sisi wanafunzi tulikuwa tumesimama nyuma, nikajikunyata mgongoni kwa monita. Njiani kurudi bibi hakugusa kumi na moja yangu. Aliuliza tu, "Wale walimu, kwao hawalimi?"

Swali hilo lilinikaa. Sare yangu na madaftari yangu vilitoka kwenye pamba yake, na pamba ilitoka kwenye jembe. Halafu mimi kila asubuhi napita chini ya jembe naambiwa ndiyo aibu yenyewe, na aliyeliweka pale ni mimi na kumi na moja yangu. Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu: lishuke kabla ya mtihani wa taifa.

Monita akanifundisha kwenye foleni ya maji, anachora mchangani kwa kijiti.

"Wewe x unaiogopa kama fisi," alinigombeza. "Ni ng'ombe kapotea, basi. Nyayo zake si hizi hapa? Mfuate!"

Nilicheka, na nikiwa nacheka nikamwona ng'ombe. Siku hizi nashona nguo Bariadi mjini, nikigawa kiuno cha mteja kwa nne huwa namkumbuka ng'ombe yule. Tena nina ndoto ya kurisiti hesabu ya kidato cha nne, mnicheke mkitaka.

Mtihani wa pili, mwezi wa tisa, nikapata thelathini na nne. Shule ikawa ya pili. Tulipiga vigelegele mpaka mwalimu akaziba masikio huku anatabasamu. Jembe lilipaswa kupelekwa na wanafunzi wawili, na darasa zima likaitikia, "Mwenye mali apeleke mwenyewe!" Nikaenda na monita.

Njia inapita kwetu. Bibi alikuwa uani anapepeta mtama. Monita akapiga goti, akamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Igembe linakwenda wapi?"

"Kwa majirani, limewaangukia wao," nikasema kwa majivuno.

"Hivyo hivyo? Limelegea hivyo?" Akaweka ungo chini. "Jembe la mtu likikaa kwako hulirudishi bovu. Watasema huku hakuna watu."

Akaligonga likachomoka, akazungushia kitambaa mkiani, akalipigilia upya, akalowesha mpini maji ili mti uvimbe ubane. Akalinoa kwenye jiwe. Kisha akachota mchanga aanze kusugua bati.

"Maandishi!" monita akaninong'oneza. "Mzuie, atayafuta!"

Ningeweza kumzuia. Lakini nilikuwa namfikiria mtu mmoja wa shule ile, simjui, aliyepata kumi na moja. Kesho angepita chini ya jembe mlangoni. Nikanyamaza. MWISHO ikaondoka, halafu WA.

Mwalimu wa taaluma wa kule alilipokea amenuna, akaligeuza huku na huku.

"Maandishi yako wapi?"

"Yamefutika, mwalimu," monita akasema. "Limeoshwa."

"Nani kawatuma kuliosha?"

Nikadakia, "Ni desturi, mwalimu. Jembe likirudi kwa watu."

Akalishika mpini, akalitikisa. Halikucheza. Akalitikisa tena, kwa nguvu.

"Nendeni mkanywe maji," akasema.

Mtihani wa taifa nikapata D ya hesabu, nikavuka kidato cha tatu. Likizo ile nilipita pale shuleni kwa majirani. Waya ulikuwepo juu ya mlango wa ofisi, mtupu. Jembe nililikuta limeegemezwa ukutani, kando ya shamba la mahindi la shule, lina udongo mbichi.