Majivu Yaliyorudishwa kwa Mwenyewe

Selpher Namalwa wa Uthiru hajawahi kuwasha taa ya umeme nyumbani kwake, ingawa nyaya zinapita juu ya paa lake zikivuma usiku na mchana. Zinatoka kwenye kituo kilicho ng'ambo ya bonde, kinachochoma makaa ya mawe yanayoletwa kwa treni kutoka bandarini. Umeme wake huenda mjini na viwandani, hupanda hadi Limuru na kuteremka hadi Naivasha. Mwaka mmoja mvua ilipokosekana na mabwawa yakapungua, magazeti yalikisifu kituo hiki kwa kuubeba mkoa mzima mgongoni. Ni kweli. Ila hayakuandika Uthiru ilibeba nini: moshi na majivu.

Selpher alitoka Bungoma na mume aliyekuwa kibarua wa reli. Mume alipofariki, akabaki na watoto wanne na kibanda cha uji na maharagwe. Bei ya kuni hakuiweza. Kila asubuhi yeye na wenzake walipanda kwenye lundo la majivu nyuma ya kituo, wakachekecha, wakaokota vibonge vya makaa ambavyo tanuri lilishindwa kuvimaliza. Vibonge hivyo vilipika maharagwe, na maharagwe yakasomesha watoto. Wachochezi wa tanuri wenyewe walikula kwake.

Kisha kampuni ikalizungushia lundo seng'enge. Askari aliyewekwa langoni, Mwololo, alikuwa mteja wake.

"Mama Sifuna, rudi tu. Hii sasa ni mali ya kampuni."

"Majivu?"

"Majivu, makaa, yote. Meneja amesema ukiokota hata kamoja, wewe ni mwizi."

"Na maharagwe yangu ulikula jana, iliiva na nini? Jua?"

Mwololo alicheka, lakini lango hakulifungua.

Wiki hiyo jiko la Selpher lilikaa baridi. Wachochezi walikuja, wakaona sufuria tupu, wakaondoka. Jumamosi akaenda kuanua nguo. Shati la shule la mwanawe Sifuna, alilolifua kwa mikono yake asubuhi, lilikuwa la kijivu. Alilikung'uta, akayatazama majivu yaliyoanguka. Halafu akamwita jirani yake.

"Wanjugu! Leta ufagio na debe. Tumekaa na mali ya watu hapa."

Walifagia mapaa, madirisha na vitanda. Wanawake wengine wakaja kuuliza, wakabaki kufagia. Jumatatu madebe yalijaa mkokoteni.

"Tunapeleka wapi?" Wanjugu aliuliza.

"Kwa mwenyewe. Mimi si mwizi."

Wakausukuma kwenye barabara kuu, wakapita Kangemi na Westlands. Kijana mmoja akawapigia kelele, "Kina mama, mnauza unga?"

"Ni wa kampuni!" Wanjugu akajibu. "Tumeulamba bure miaka mingi, leo tunarudisha!"

Kwenye makao makuu ya kampuni, katikati ya mji, taa ziliwaka mchana kweupe na sakafu iling'aa. Mapokezini alikaa karani kijana wa Mombasa, jina lake Athman. Aliwatazama, akasimama.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mkubwa wako mali yake iliyopotea imepatikana."

Athman alichungulia ndani ya debe, akauma midomo asicheke, akaenda. Meneja akashuka haraka, uso umechangamka. Selpher akainua debe la kwanza na kulimwaga miguuni pake. Vumbi likapanda hadi kwenye tai.

"Ni nini hii?"

"Mali ya kampuni. Ilikuwa kwa mashati ya watoto wetu. Iko ingine vifuani, hiyo tutaleta tukimaliza kukohoa."

"Mmeniletea takataka? Hii si mali yetu! Ondoeni!"

Wateja waliopanga foleni waligeuka wote. Athman akasema, taratibu lakini kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mzee amesema si mali yetu. Nimesikia mimi, na wateja wamesikia."

"Basi ile iko nyuma ya seng'enge ni ya nani?" Selpher aliuliza. "Chagua, bwana. Kama ni yako, nje iko mkokoteni mzima, na kesho tunaleta mwingine. Kama si yako, fungua lango."

Meneja alimtazama Selpher, akaitazama foleni, akayatazama majivu juu ya viatu vyake. Alipanda ngazi kwenda kupiga simu kituoni.

Asubuhi iliyofuata Mwololo alilifungua lango kabla Selpher hajasema neno. "Karibu, Mama Sifuna. Leo kuna maharagwe?"

Athman alihamishiwa stoo. Anasema huko angalau hakuna meneja.

Kituo bado kinaimulikia Naivasha, na Selpher bado anawasha koroboi. Lakini sasa ana swali jipya: kwa nini waya ule unaopita juu ya paa lake usishuke kidogo uingie ndani? Wenzake wameanza kuliuliza pia. Kampuni ikisema haiwezekani, mkokoteni upo, na njia ya kwenda mjini wanaijua.