Majina Ishirini ya Gereji

Mtaani walimwita Fundi Fumua, kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye mshono uliopinda. Hata kama mshono uko ndani ya bitana, ambako hakuna jicho linalofika, aliufumua akaanza upya. Mteja akinung'unika, alimjibu, "Wewe huuoni. Mimi nauona."

Mwaka ule alikubali kukusanya saini za kata yake. Ombi lilikuwa moja: wananchi wapige kura kuamua kama katiba iwape haki ya kumwondoa mbunge kabla muhula wake haujaisha. Kila kata ilitakiwa kutoa saini elfu moja. Siku ya mwisho, saa kumi jioni, ofisi ya uchaguzi ingefunga mapokezi.

Siku hiyo, saa sita mchana, mdogo wake aliyekuwa fundi magari aliingia chumba cha cherehani na karatasi.

"Ishirini hizi, dada. Sasa tunazo elfu moja na tatu. Funga mkoba twende."

Dada akavaa miwani. "Mbona watu ishirini wana mwandiko mmoja?"

"Nimewaandikia. Kila siku wanamlalamikia mbunge, nawajua vilivyo."

"Uliwauliza?"

"Dada, nani atajua?"

Akachukua rula, akayakata majina yote. Wapo wanaodhani jambo jema linaweza kushonwa kwa uzi wa uongo. Yeye hakuwa mmoja wao. Mdogo wake alijishika kichwa. Miezi mitatu ya kupiga hodi nyumba kwa nyumba, na sasa walipungukiwa kumi na saba.

"Mbunge wetu naye husema anatujua," dada alisema. "Shika kalamu. Tunakwenda gereji."

Huko aliwasomea ombi mmoja mmoja, wengine wakiwa chini ya magari, miguu tu ikionekana. Fundi wa rangi alikataa.

"Tukipewa rungu hilo, tutafukuza wabunge kila mvua ikinyesha. Ila ahsante kwa kuniuliza, mama. Yule wa bungeni hajawahi."

Mchomeleaji naye alikataa, wala hakutoa sababu. Mdogo mtu akainamisha uso: hao wawili alikuwa amewatilia saini kwa mkono wake mwenyewe.

Kumi na wanane walisaini, grisi ikibaki pembeni mwa karatasi. Saa kumi kasoro robo, ofisini, karani alihesabu mara mbili: elfu moja na moja. Akaishika ile karatasi chafu kwa ncha za vidole.

"Na hii nayo?"

Mdogo mtu akamuwahi dada yake. "Na hiyo. Ukitaka, nenda gereji ukawaulize mmoja mmoja."