Mwanangu mrina asali, mgongo wake na mazoezi ya Pilates

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea, maana wengi humu ni wajukuu zangu. Nimeishia darasa la nne, herufi zikikimbia mnivumilie. Ila uongo siandiki hapa.

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi.

Mwanangu Mihayo yuko porini tangu alfajiri. Leo anapanda mti kwa mara ya kwanza tangu mgongo umkamate mwaka jana.

Ni mrina asali, huku kwetu Ulyankulu. Mizinga ya magogo anaivuta juu ya mti kwa kamba. Siku hiyo akiwa anavuta, kiuno kikagoma. Ikawa hata akishika ndoo ya asali hawezi kuinama aitue, mpaka mkewe aje aipokee.

Mwanaume wa miaka arobaini na mbili! Akaanza kusema ataigawa mizinga aliyoachiwa na baba yake. Sikulia. Nilikasirika.

Dada wa mazoezi hospitalini akamfundisha Pilates. Unalala kwenye mkeka, unakaza tumbo, unainua miguu polepole huku unapumua.

Jirani yetu Kasoga akachungulia uani. "Mihayo, unasubiri kubadilishwa nepi?"

Mihayo akakunja mkeka. Nikamwambia, "Kunjua! Kasoga ndiye atakupandia mti?"

Wiki tatu, mgongo unazidi kukaza. Nikawa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku moja nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni. Mashavu yamevimba. Anabana pumzi!

Warina asali ndivyo walivyo. Mzingani mtu hapumui hovyo, nyuki hawapendi pumzi ya mtu. Na yeye tabia hiyo kaileta mkekani.

"Pumua wewe! Hapa kuna nyuki?"

Akacheka, pumzi ikatoka. Tangu hapo nikamsimamia kila asubuhi. Mwezi wa pili wa mazoezi akaanza kufunga kamba za viatu mwenyewe.

Ngoja kwanza, mbwa anabweka.

.
.

Amerudi. Ndoo imejaa. Mkewe kanyoosha mikono, yeye kampita, kainama, kaitua chini mwenyewe.

Nikamuuliza, "Ulibana pumzi?"

"Mzingani tu, mama."

Wanaume, kubeba mnajua, kupumua hamjui. Msiseme hayo ni mazoezi ya wanawake wa mjini. Na mwanzo tafuteni anayejua awaelekeze.

Mwenye kiuno kibovu aje hapa chini aseme ukweli: ukiinua kitu, unapumua?

Niulizeni tu. Sasa nimekaa.